Kuku Wakiinua Vichwa

Togwa ilikuwa imeanza kuchacha ndani ya kibuyu, na hakuna mtu aliyekuja.

Hana alikaa kizingitini, jembe likiwa limelala mapajani, akiitazama njia. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi, na vijiji vyote vya upande huu wa Nduguti vilikuwa mashambani. Desturi ya kwao ilijulikana: aliyezidiwa na kazi hupika togwa, hutangaza siku, na majirani huja na majembe yao, hulima, hunywa, huondoka. Yeye alikwishalima katika kila shamba lililoonekana kutoka pale alipokaa.

Siku yake alikuwa ameitangaza. Aliyejibu alikuwa jirani yake Jenifa, akiwa amesimama nje ya ua wa minyaa.

"Tusilaumiane, jirani. Wenzangu wamesema kibuyu cha kichaa hatukiweki mdomoni."

Vidonge vilikuwa vimezipunguza kelele za kichwani mwake, vikamwachia mikono inayotetemeka na ulimi mkavu kama gunzi. Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina refu, skizoafektivu, kisha akamfafanulia: utasikia yasiyosemwa, na moyo utapanda na kushuka bila kukuuliza, lakini ukimeza dawa utaishi. Hakumwambia ataishi na nani.

Chediel, mdogo wa marehemu mume wake, alipita na ng'ombe wake wawili wakiwa wamekwishafungwa nira.

"Habari za asubuhi, shemeji?"

Chediel alichungulia uani. "Wamekuja wangapi?"

"Watakuja."

"Akina nani? Wale wanaokusemesha kichwani? Hao nao wanashika jembe?" Alicheka, akamchapa ng'ombe mgongoni bila sababu. "Ukoo haukukuonea. Tulisema mbele yako: shamba lisilolimwa kati ya mvua hii ya kwanza na ya pili linarudi kwetu. Sasa ng'ombe hawa wananisubiri, na mimi nakusubiri wewe."

"Na Peniel?"

"Mwanao anakula kwangu. Mtoto hukaa penye shamba."

Akaondoka taratibu, kama mtu anayekagua mali yake.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma pale Hana aliposikia kicheko njiani. Hakunyanyuka. Aliwageukia kwanza kuku waliokuwa wakichakura kando ya jiko. Walikuwa wameinua vichwa.

Hilo alikuwa amefundishwa na Gaspari, fundi baiskeli wa Nduguti, kwenye ukuta wa nyuma ya zahanati, mahali walipokaa wagonjwa wa akili siku ya dawa kwa sababu wagonjwa wengine hawakutaka kuketi nao benchi moja. Gaspari alikuwa na ugonjwa huohuo kwa miaka mingi. "Ukisikia sauti, mtazame kuku," alimwambia. "Akiendelea kula, hiyo ni ya kwako peke yako, iache ipite. Akiinua kichwa, itikia, kuna mgeni." Hana alikuwa amecheka, na alishangaa kujisikia akicheka. Tangu siku hiyo aliungoja ukuta ule wa nyuma kuliko alivyovingoja vidonge.

"Mama Peniel!" Gaspari aliita, jembe begani. Hakuna mtu mwingine kijijini aliyemwita tena hivyo. "Tumesikia kuna togwa imekosa wanywaji."

Nyuma yake walikuwa Rukaiya na Philipo, wote wa ukuta ule. Rukaiya alipiga funda, akakunja uso.

"Imechacha."

"Na wewe je, hujachacha?" alisema Philipo, akakipokea kibuyu.

Walilima. Philipo alipolemewa na usingizi wa dawa alikaa chini, na hakuna aliyemwuliza kitu. Alipopata nguvu alirudi kwenye mstari wake. Rukaiya alianzisha wimbo wa kulimia, wakaupokea kwa sauti zisizolingana. Hana alilima huku mikono ikitetemeka, na jembe likatetemeka, na udongo ukapinduka vilevile. Walikuwa wamevuka nusu ya shamba pale Jenifa alipotokea kwenye ua, akatazama kidogo, akatoweka na simu sikioni.

Mtendaji wa kijiji alifika kwa pikipiki, mgambo wawili wakimfuata kwa nyingine.

"Nani amewapa kibali cha kukusanyika?"

"Karibu, mtendaji. Tunalima," alisema Hana.

"Nimepigiwa simu kwamba vichaa wanne wana silaha na wanapiga kelele."

"Haya ni majembe, mzee," alisema Gaspari.

"Likishikwa na mwenye akili ni jembe. Leteni."

"Siku ya kualikana hakuna anayeomba kibali," Hana alisema. "Jana walilima kwa Jenifa. Ulikuwepo. Ulikunywa."

Mgambo mmoja alijisahau akacheka. Mtendaji akamkazia macho, kisha akamgeukia Hana.

"Unanijibu? Kameze dawa kwanza."

"Nimemeza."

"Basi ongeza."

Walitembezwa hadi ofisi ya kijiji, kwenye mwinuko uliopakana na shamba, wakaketishwa chini uani. Majembe yao yalifungwa kamba kwa pamoja, yakaegemezwa mlingoti wa bendera. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mashariki.

"Hakuna anayeshtakiwa hapa," alisema mtendaji, akivuta kiti kivulini. "Sisi si wakatili. Kila mmoja atatoka ndugu yake mwenye akili timamu akija kumchukua. Na mwenye shamba lake afike shambani kabla ya mvua, maana maneno ya ukoo mimi siyaingilii."

Mke wa Gaspari alikuwa njiani. Kaka yake Rukaiya alikuwa amejibu kwamba wamwache alale hapo apate adabu. Philipo hakuwa na wa kupigiwa.

"Na mimi?" aliuliza Hana.

"Wa kwako nilimpigia mapema. Chediel."

"Anakuja saa ngapi?"

"Amesema akimaliza kazi."

"Kazi gani?"

Mtendaji alianza kubonyeza simu yake. Mgambo aliyecheka aliinamisha uso, akawa anamenya karanga.

Upepo wenye harufu ya mvua ulipita. Kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, upande ambao Hana hakuweza kuuona, ulisikika mlio wa mjeledi, kisha sauti ya mwanamume akiwahimiza ng'ombe wageuke.

Hakumwuliza yeyote kama amesikia. Aliwatafuta kuku wa ofisi, waliokuwa wakidonoa maganda ya karanga miguuni pa mgambo, akaomba moyoni waendelee kula.

Kuku waliacha kula. Waliinua vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakageukia upande wa shamba lake.