Mbwa wa Geti la Nne

Puf. Bega liligonga mwimo wa mlango, upande wa kushoto, kama jana, kama juzi. Kulikuwa hakujapambazuka. Kipimo, aliyelala kwenye godoro sebuleni, alimsikia kaka yake akishusha pumzi, kisha nyayo zikiburuzika kuelekea msalani. Mlio ulikuwa mwororo kwa sababu wifi yake alikuwa amefunga taulo mbili kuukuu kwenye mlango ule, moja kwa ajili ya kutoka, nyingine kwa ajili ya kurudi. Hakumwambia mtu. Alizifunga tu, na kila alipozifua alizirudisha.

Kiharusi kilikuja miezi mitatu iliyopita, kikaondoka na upande wa kushoto: mkono, na nusu ya kuona. Daktari alisema mkono huenda ukarudi kidogo. Alipoulizwa kuhusu macho, alitazama viatu vyake.

Leo Kipimo alikuwa aondoke, asirudi tena. Kaka ndiye aliyesema hivyo, jana jioni. Kipimo alikuwa amemletea gemu ya runinga waliyoitengeneza pamoja miaka ishirini iliyopita, kaka akichora na yeye akipanga hesabu, ndipo akaitwa Kipimo. Gemu yenyewe ilikuwa ya mpeleka barua juu ya baiskeli, akipita mageti yenye mbwa. Ilichorwa kwa runinga za zamani, zile za umbo la kisanduku. Kwenye runinga pana za leo hukaa katikati, na pembeni hubaki mapazia mawili meusi. Kazini, walikoandaa gemu za zamani kwa runinga mpya, bosi wake alitaka picha ivutwe ijaze kioo, maana wateja watadhani runinga imekufa pembeni. Siku zote Kipimo alikataa. Lakini jana, kwa huruma, akaivuta. Mgonjwa apewe picha kubwa, aliwaza.

Kaka aliitazama baiskeli. "Magurudumu yangu umeyafanya mayai."

Kisha mbwa wakaja, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto, na hakumwona hata mmoja. Alipong'atwa mara ya sita alikiweka chini kidude cha kuchezea, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Nenda nayo. Na wewe usijisumbue kuja tena. Sitaki kutazamwa."

Puf. Kaka alikuwa anarudi chumbani. Kipimo akaketi. Aliutazama ule mlango, akazitazama zile taulo, kisha akafungua kompyuta yake. Aliirudisha picha kwenye umbo lake, halafu akaisukuma yote kulia mpaka ukingoni mwa kioo. Mapazia mawili yakawa moja, pana, jeusi, upande wa kushoto. Kazini wangemcheka. Picha imekaa upande kama mzigo uliofungwa vibaya.

Baada ya chai aliwasha runinga.

"Nilisema," kaka akasema.

"Ulisema," wifi akamjibu, akimsogezea kidude karibu na mkono wa kulia. "Hata chai ulisema huitaki, na kikombe hicho hapo kitupu."

Kaka hakucheka. Ila alitazama.

"Imeegemea."

"Imeegemea, kaka. Lakini magurudumu ni duara."

Kaka alibonyeza. Geti la kwanza, mbwa akachomoka kwenye ukingo wa lile pazia, na baiskeli ikapinda. La pili, ikapinda. La tatu. Wifi aliacha kufuta meza. Geti la nne mbwa alikuja kwa kasi. Akaidaka suruali, barua zikatawanyika barabarani.

Kipimo hakuthubutu kumtazama kaka yake usoni.

"Huyo nilimwona," kaka akasema.

Alicheza mara moja tu zaidi, kisha akasema kichwa kinamuuma. Wakazima.

Kipimo alipokuwa barazani akivaa viatu, kaka alijikongoja hadi mlangoni. Alisimama akiitazama njia tupu upande wa kulia, akaitazama kwa muda mrefu. Kipimo alikuwa kushoto kwake, hatua moja tu.

"Ameshaondoka," kaka alijisemea.

Kipimo akainuka, kiatu kimoja mkononi, akapita mbele yake kimyakimya mpaka akaingia kwenye ile nusu ya kuona iliyobaki.

Kaka alikitazama kile kiatu, kisha akamtazama yeye.

"Jumamosi uje tena," akasema. "Na yule mbwa wa geti la nne, usimpunguze kasi."