Matope Kwenye Soksi za Mbeke

Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, Nzilani alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba yake Kitengela, akifunga vitanzi vya mwisho vya soksi ya mguu wa kushoto. Alikata uzi kwa meno, akaigeuza soksi aione upande wa chini, akakuta ina matope. Mvua haikuwa imenyesha tangu kabla ya Krismasi, na vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye majani ya sukuma. Lakini matope yalikuwa pale kwenye wayo, mabichi na meusi, ule udongo wa Kitengela unaong'ang'ania kiatu mpaka mtu afike stendi akiwa mrefu kuliko alivyotoka nyumbani.

Nzilani akasonya. "Tena?"

Hiyo ilikuwa jozi ya tano.

Soksi zilikuwa za binti yake, Mbeke, aliyeolewa na Metito kule Illasit, chini ya mlima. Mama na mtoto walikuwa hawajaongea miaka tisa. Halafu mwezi wa Desemba ukaingia ujumbe kwenye simu: Mama huku asubuhi baridi ni kali, miguu inaniuma. Basi, hakuna salamu wala nini. Nzilani aliusoma amesimama, akausoma tena ameketi. Kisha alienda sokoni akanunua uzi mzito wa kahawia na sindano nne. Alimtaka mtoto wake. Alijiambia soksi zikifika, mengine yatafuata yenyewe.

Sasa kufuma kwenyewe! Nzilani alijua kusuka kikapu cha kiondo, alivyofundishwa na mama yake Makueni, na soksi alizifuma vivyo hivyo, akianzia chini kwenye kitako na kupanda akizunguka. Jozi ya kwanza, kisigino kilitokea ubavuni. Ya pili, soksi moja ilimshinda mwenzake kwa vidole vitatu. Mara mbili aliangusha kitanzi kwenye safu ya kumi, akaja kugundua kwenye safu ya arobaini, akafumua zote huku akitoa maneno ambayo jioni alilazimika kuyaombea msamaha. Hizo ni taabu ambazo kila anayefuma anazijua. Matope yalianza na jozi ya tatu, mkono ulipoanza kuzoea.

Alizisugua kwa sabuni ya mche. Aliziloweka kwenye beseni mpaka kesho yake, akakuta maji safi na soksi chafu. Alizianika zikakauka, akazipiga ukutani matope yakadondoka yote, na alipokuwa akizikunja yakarudi.

Jirani yake Nthambi, ambaye walikuwa pamoja kwenye kikundi cha akina mama kanisani, alikuja siku hiyo kuomba chumvi. Aliichukua ile soksi, akainusa, akachomoa jani dogo la nyasi lililokuwa limenasa kwenye uzi.

"Hii si matope ya saa hii, Mama Mbeke," akasema. "Hii ni ya Aprili."

"Najua ni ya Aprili."

"Na wewe si unaanzia chini? Anzia juu, kwa kifundo, vile sisi hufanya. Ikichelewa kufika kwa wayo, pengine itakuwa imekauka."

Ulikuwa ushauri mzuri na Nzilani aliufuata. Jozi ya sita ilitoka safi kabisa sehemu ya juu, jamani, safi mpaka akaanza kuimba. Alipofika kisigino, vidole vikaanza kuteleza. Alipofika katikati ya wayo, sindano zilikuwa zinatoa maji.

"Imekataa," akamwambia Nthambi.

"Imekataa," Nthambi akakubali, akaketi.

Aprili yenyewe, ile ya miaka tisa nyuma, wote wawili waliijua. Mbeke alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu, tumbo limeanza kuonekana. Nzilani alimsimamisha mlangoni akamwambia aondoke, ila kila kitu alichomnunulia akiache hapo hapo. Alitarajia msichana apige magoti alie. Mbeke aliweka begi chini, akavua sweta, akavua viatu, na kwa sababu ukaidi ameutoa kwa mama yake, akavua na soksi pia. Akatoka miguu mitupu, mvua inanyesha, akashika njia ya stendi. Nzilani akafunga mlango. Tangu siku hiyo, akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Huyo alitoroka. Mimi nilimfanyia nini?" Nthambi alikuwa ameona yote akianua nguo kwenye kamba, na hakuwahi kumkosoa hata siku moja.

"Si ungemwita," Nthambi akasema sasa.

"Nilijua akifika kwa geti atarudi." Nzilani alitazama mikono yake. "Nilisimama nyuma ya mlango nikingoja abishe. Ningefungua, Nthambi. Haki ya Mungu ningefungua."

Ilimuuma. Miaka tisa alikuwa ameikatalia isimuume, na sasa ilimuuma yote kwa pamoja, mchana kweupe, soksi ikiwa bado mapajani.

Mwezi wa Machi Mbeke alipiga simu. Alikuwa anakuja Kajiado kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama mama anaweza kufika, wakutane huko. Nzilani alifunga jozi ya saba kwa magazeti mawili. Alipofika Kajiado magazeti yalikuwa yameloa, na njia nzima alikuwa akirudiarudia neno moja tu, nisamehe, asije akalisahau.

Walikutana kwenye hoteli ya chai karibu na ofisi za kaunti. Mbeke alikuwa amejaa mwili, amevaa shanga na shuka nyekundu. "Sopa," akasalimu Kimaasai kwa mazoea, kisha akakumbuka, akamsalimu mama yake kwa Kikamba.

"Mtoto umemwacha na nani?"

"Naipanoi? Amebaki na kokoo yake." Alimaanisha mama wa Metito.

Nzilani akasukuma lile furushi mezani. "Niliziosha," akasema. "Zimekataa kutoka."

Mbeke alibandua magazeti. Alizitazama soksi chini na juu. Akavua viatu akazivaa zote mbili, na maji meusi yakachuruzika sakafuni. Mhudumu alikuja na tambara akapanguza, akauliza kama wataongeza chapati.

"Zinakutosha?"

"Zinanitosha."

"Ziko na baridi?"

"Ziko na baridi kama ya siku ile," Mbeke akasema. Akamtazama mama yake usoni, akangoja.

Kama kulikuwa na wakati wa kulisema lile neno, ndio huo. Nzilani alilihisi limefika kwenye ulimi. Akakoroga chai.

"Siku ile mvua ilikuwa kubwa sana," akasema.

Mbeke akashusha macho kwenye soksi. "Eeh," akasema. "Ilikuwa kubwa."

Chai ililetwa ya pili. Nzilani akachangamka, maana mtoto alikuwa amezivaa na hakuzivua. "Sasa mkono wangu umezoea," akasema. "Nitamfumia Naipanoi. Nitumie tu kipimo cha mguu wake, hata ukichora kwa karatasi."

"Hapana, mama," Mbeke akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi nitazivaa. Za mtoto usifume."

Nzilani akasema sawa.

Mbeke akavaa viatu juu ya soksi, akamkumbatia mama yake, akaenda kupanga foleni ya cheti. Nzilani alimaliza chai yake, kisha akamaliza na ya Mbeke, kwa sababu ilikuwa bado moto.