Viatu vya Alhamisi

Daktari ni mmoja kwa zahanati nne, na hapa hufika Alhamisi tu. Huona wagonjwa arobaini, basi. Watu wakajitungia foleni yao: tangu alfajiri kila mgonjwa huacha kiatu kimoja barazani, kwa mstari, kisha huenda zake kukaa kivulini. Kiatu kinapanga foleni, mwenyewe anapumzika.

Mama Cherehani aliishi mbali. Wiki mbili mfululizo alikuwa amechelewa, akarudi nyumbani na kidole gumba kimevimba kama kitunguu. Leo ndala yake ilikuwa ya arobaini na sita. Na fundi wa nguo bila gumba ni nini? Aliogopa, tena sana, ila mdomo wake haukujua kuogopa.

"Shoga, mimi na huyu daktari tumeachana kabla ya kuoana," akamwambia jirani yake, wakacheka.

Kumbe siku hiyo mfagiaji alikuwa mgeni, mwanamke nadhifu mpaka anakera. Akakuta viatu vimezagaa, kimoja kimoja, roho ikamuuma. Akavipanga upya ukutani: vya watoto, vya wanawake, vya wanaume, vidogo kwa vikubwa. Kazi safi kwelikweli.

Muuguzi alipotoka kumwita wa kwanza, hakukuwa na wa kwanza. Kila mtu alidai ni wa tano. Zogo likazuka, mfagiaji kasimama na ufagio wake, macho chini.

"Nisameheni, ndugu zangu. Nilidhani mmevisahau."

"Yaliyopita si ndwele," muuguzi akasema. "Kaeni, nitawapitia mmoja mmoja."

Akapita benchi kwa benchi. Wa presha waliofuata dawa zao za kila mwezi akawapima na kuwapa mwenyewe. Wa vidonda vya kusafishwa akamwachia msaidizi wake. Alipoushika mkono wa Mama Cherehani, hakuuachia.

"Mama, wewe twende."

Daktari akapasua, usaha ukatoka. "Ungengoja Alhamisi ijayo, kidole hiki ningekikata."

Mama Cherehani akalia, akacheka, kisha akaomba bandeji isiwe nene, ana sare za shule za kumaliza. Saa tisa haijafika, baraza ilikuwa tupu. Hakuna aliyerudi nyumbani bila kuonwa.

Alhamisi iliyofuata alikuja kubadilishiwa bandeji. Akakuta viatu vimeshaanza kujipanga mstari. Mazoea yana taabu. Muuguzi akachungulia dirishani, akamwita mfagiaji.

"Dada, njoo na ufagio. Barazani pachafu."

Mama Cherehani akavua ndala yake, akampa mfagiaji mkononi.