Dawati la Haki

Kwenye sakafu ya kibanda cha kinyozi kulikuwa na matundu manne ya kufungia kiti. Fundi umeme wa jirani ndiye aliyeyatoboa kwa drili yake, siku kinyozi alipoamini kuwa kiti cha pili kiko njiani. Kiti hakikuja. Nywele za wateja zikawa zinajaa mle, na kila alipofagia kinyozi ilimbidi apige magoti azichokonoe kwa njiti, huku akisonya.

"Chimba vizuri, huenda kiti chako kiko humo chini," fundi umeme alimtania, amefunikwa shuka la kunyolea mpaka shingoni. "Mtu mzima na ndevu zake, akiba ya kiti anaipeleka kwenye karata za simu!"

"Niliibiwa."

"Wote huwa mnaibiwa. Sijamsikia bado aliyeshinda akasema ameiba."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Hakucheka mke wa kinyozi, aliyekuwa mlangoni akianika taulo. Kiti kile kilikuwa chake. Alikuwa ameshajifunza kunyoa watoto, mkono wake mwepesi, hata wale wanaolia kwa sauti ya mashine tu walitulia kwake. Kilichobaki ni mahali pa kuwakalisha.

Kinyozi hakuwa mjinga wa karata. Alicheza poka kwenye simu mchana, wateja wakikatika, na alikuwa na subira: karata mbaya alizitupa, nzuri hakuzishangilia. Akiba ilikua polepole. Kisha akaketi meza moja na wachezaji wawili, mmoja akijiita Tulia, mwingine Bwana Subira, wakamweka katikati. Huyu akipandisha dau, yule anapandisha zaidi, na aliye katikati analipa tena na tena ili asitolewe. Akichoka akajitoa, mmoja wa wale wawili naye anatupa karata zake kimyakimya. Kitita kinaingia mfuko mmoja wenye midomo miwili.

Akalalamika. Kampuni ilikuwa na Dawati la Haki, limechorewa mizani ya dhahabu ukurasa wa mbele. Dawati likamjibu: "Ndugu mteja, tumeupitia mchezo wako. Karata zilichanganywa kwa haki. Tunakutakia bahati njema."

Nani aliuliza habari ya kuchanganya karata? Lakini ndivyo wanavyojibu siku zote, na walijibu hivyo kabla hata simu hazijaingia mifukoni mwetu. Baba yake kinyozi alipeleka pamba kwenye mizani iliyokula robo ya kila gunia. Alipopiga kelele aliambiwa malalamiko yote apewe msoma mizani. Msoma mizani akaikagua mizani, akaikuta inang'aa. Mzee alikufa akiwa na lile gunia kooni, na aliyemuibia alizikwa kwa hotuba.

Sasa nusu ya akiba ilikuwa bado ndani ya akaunti, na haikutoka. Kanuni ilisema akaunti yenye malalamiko haitoi pesa mpaka malalamiko yaishe.

"Basi yafute, utoe kilichobaki," mkewe alimwambia.

"Nikiyafuta nimekubali kuwa nilishindwa. Sikushindwa, mama watoto. Nataka waandike neno moja tu: uliibiwa."

"Neno hilo nitamkalisha mtoto juu yake nimnyoe?"

Kinyozi akaanza kukaa na simu akiitazama meza ile bila kucheza, kama mtu anayechungulia nyumba aliyofukuzwa. Mchana mmoja akamwona mchezaji aitwaye Mama Pacha akiketi katikati ya Tulia na Bwana Subira. Tulia akaweka dau dogo kuliko yote yanayoruhusiwa, tone tu. Bwana Subira akapandisha. Mama Pacha akafuata. Tulia akarudi na rundo zima. Mama Pacha akachechemea raundi mbili, akatoka. Mara ya pili wakamfanya vilevile: kwanza tone, ndipo rundo.

Mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma mkononi mwake, haina kichwa cha kunyoa.

Tone lile alilijua. Utotoni yeye na mdogo wake walicheza karata na mjomba wao kwa vifuniko vya chupa za soda. Walimkamua mjomba namna hiyo hiyo, na mdogo mtu hakuweza kuanza bila kwanza kusukuma kifuniko kimoja kwa kidole. Waliita tendo hilo kugonga mlango. Hakukuwa na faida yoyote katika kugonga. Yalikuwa mazoea ya mkono tu, na mjomba alijua, akajiachia aliwe ili watoto wacheke.

Mdogo wake siku hizi alifanya kazi "ofisini, mambo ya kompyuta," na alivaa kitambulisho shingoni hata siku za mapumziko. Alikuja kunyolewa kama kawaida yake, bure, kwa haki ya udugu. Kinyozi alimfunga shuka, akasubiri wateja waishe.

"Tulia," akaita.

Mdogo mtu akageuka kabla hajajizuia.

Kisha akasema, "Kaka, ile ni kazi kama kazi nyingine. Tuko chumba kimoja, kila mtu na majina yake matatu manne. Tunaambiana karata. Tajiri anatulipa mwisho wa mwezi."

"Na kampuni haijui?"

"Kampuni inakata chake kwenye kila kitita. Aliwe nani, ale nani, yenyewe inashiba."

"Na mimi je?"

"Sikujua ni wewe, kaka. Haki ya Mungu."

Kinyozi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu kuelekea mlangoni. Nje, juu ya mlango, bango la kitambaa chembamba lilisomeka kinyumenyume kutoka ndani: KINYOZI SAFI. "Hilo ndilo jina ninalochezea. Nani alilichora pale?"

Aliyelichora alikuwa amekaa kitini. Alilichora mwenyewe, kwa rangi aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza.

"Niligonga," mdogo mtu akasema chini chini. "Niliweka kimoja, kama zamani. Wenzangu walikuwa wananitazama, ningefanya nini? Nikadhani utatambua, utatoka."

"Kwa hiyo kosa ni langu. Niligongewa mlango nisisikie."

Akamnyoa mpaka mwisho, vizuri, bila kumkata. Kisha akaketi kuliandikia Dawati la Haki, akaeleza kila kitu: chumba, majina, namna ya kukamua, na namna alivyotambua.

"Usiandike kuwa ni ndugu yako," mkewe alimsihi, akisoma begani kwake. "Andika chochote kingine. Hilo liache."

"Nisipoliandika watauliza nimejuaje. Na nikilificha nitakuwa nimecheza karata zao."

"Kwani wao wanacheza za nani?"

Akatuma maelezo yote.

Safari hii Dawati halikuchelewa. Lilimshukuru kwa uaminifu wake. Lilithibitisha kuwa mchezaji Tulia na mchezaji Kinyozi Safi ni ndugu, kwamba simu zao zimewahi kutumia mtandao wa nyumba moja (ndiyo, siku mdogo mtu alipokuja kula mchana akaomba nywila), na kwamba waliketi meza moja bila kutoa taarifa. Huko ndiko kula njama. Akaunti ya Kinyozi Safi imefungwa, na salio lake linazuiliwa ili kulinda usawa wa mchezo. Jina lake likabandikwa kwenye orodha ya wadanganyifu.

Fundi umeme aliliona jina hilo kwenye simu, akafungua mdomo atanie, akatazama bango la mlangoni, akaufunga.

Haukupita muda mkokoteni ukasimama nje. Ulibeba kiti: kipya, chekundu, cha kuzunguka, bado kwenye nailoni. Mdogo mtu alikuwa nyuma yake akisukuma kwa mkono mmoja.

"Cha shemeji," akasema. "Kaka, tuyamalize. Tulia nimeshamzika, siku hizi naitwa jina jingine kabisa."

"Lakini bado uko chumba kile kile."

"Sasa nikale wapi?"

Mkewe kinyozi alikuwa ameshaupitisha mkono wake juu ya mgongo wa kiti. "Baba watoto," alisema polepole, "hii si ni pesa yetu tu imezunguka?"

"Yetu imeshikwa na Dawati. Hii ni ya Mama Pacha."

"Humjui hata huyo Mama Pacha."

"Wala yeye hanijui. Ningekuwa sijaona anavyotolewa, ningekipokea."

Mkewe akaondoa mkono. Hakumwambia kuwa amefanya vyema, na hajamwambia hivyo mpaka leo. Mkokoteni ukarudi ulikotoka, kiti kikiyumba juu yake kama bwana mkubwa. Mdogo mtu sasa ananyolewa kwingine, na analipa.

Kinyozi akaomba saruji kidogo kwa waliokuwa wakijenga mtaa wa nyuma, akapiga magoti, akachokonoa nywele kwa mara ya mwisho, akaziba matundu yote manne. Mkewe alisimama mlangoni na mkasi wake wa watoto mkononi, akitazama saruji ikikauka.