Nyaya za Birika la Mwalimu

Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka vyombo shaba. Miaka kumi na tisa nilimsugulia vyombo kwa jivu na ndimu, lakini beseni lake sikuruhusiwa kuligusa. Ndani mlikuwa na maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, buluu kama wino, na nyaya mbili zilizotoka kwenye betri ya gari.

Kisha dada yake akaachika, akaja kukaa kwetu. Hata wiki haijaisha, nikamsikia mume wangu akimfundisha.

"Hivi viwili vinavyoning'inia majini ndizo elektrodi, dada. Kipande cha shaba nyekundu funga upande wa chanya, hicho ndicho kinacholiwa. Chombo cha mteja upande wa hasi, hicho ndicho kinachovikwa. Usije ukageuza."

"Kumbe rahisi hivi, kaka!"

Rahisi! Roho iliniuma mpaka mate yakawa machungu.

Siku moja beseni lilikuwa na birika la mwalimu jirani yetu, la shaba nyeupe, lenye maua aliyoyachonga marehemu mama yake. Wifi akatoka kuteka maji. Nikageuza nyaya. Nilitaka kazi ikwame tu, aonekane hafai.

Mchana Fundi akalitoa birika. Maua yamelika, ubavuni vishimo kama uso uliougua ndui.

"Nani kageuza?"

Wifi akatazama nyaya, kisha vidole vyangu. Vilikuwa na ubuluu wa mrututu.

"Mimi, kaka. Nimechanganya."

"Basi beseni hili usiliguse tena."

Nilichokitaka nikawa nimekipata. Lakini hata ubaya wangu kauchukua yeye, kauvaa, na umempendeza! Nije nimshukuru mpaka kaburini?

"Mwongo huyo," nikasema. "Ni mimi."

Fundi akacheka. "Wewe, mama watoto? Utajulia wapi waya unafungwaje?"

Nikachukua kijiko cha shaba nyeupe, nikakifunga upande wa hasi, kipande cha shaba upande wa chanya, nikavitumbukiza. Tukasimama watatu mpaka kijiko kikaanza kuiva wekundu.

Jioni nilikwenda kwa mwalimu kukiri kosa langu. Alilia, nami nikalia.

Baadaye Fundi alinunua beseni la pili, akanipa. Wifi akarudishiwa lile la zamani, lililo karibu na kiti cha kaka yake. Msidhani hilo sikuliona.