Bao la Lindon na Liki za Bi Mavis

Mjukuu wangu Lindon aliichezea klabu yetu ya Thornbeck mechi moja tu, Jumamosi ya mwisho wa Agosti, akiwa na viatu nilivyompakia mafuta mwenyewe. Kocha Clegg alikuwa amemwambia, "Funga leo, bwana mdogo, la sivyo urudi kwenye kiwanda chako cha biskuti."

Akafunga. Mpira ulimgonga gotini, ukaingia wavuni polepole kama mgeni asiye na hakika na nyumba. Lindon akavua jezi kwa furaha, mwamuzi akampa kadi ya njano, nami nikajimwagia mchuzi wa pai kwenye koti.

Sasa, klabu za daraja letu hazina mipira mingi. Yetu karibu yote ilikuwa imesharuka ukuta na kuangukia kwa Bi Mavis, mjane anayekuza liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, za kushindania kwenye maonyesho ya mboga, kila moja nene kama paja la mtoto. Dakika za mwisho beki wetu akaubutua na ule uliobaki, ukaangukia kulekule. Mwamuzi akatazama saa.

"Mpira usipopatikana, mechi naivunja."

Mechi ikivunjwa, bao linafutwa, kana kwamba Lindon hakuzaliwa. Akauparamia ukuta.

Nikaenda kuchungulia kwenye ufa wa ukuta. Bi Mavis alikuwa amepiga magoti kando ya liki iliyoinama.

"Muuaji wee!"

"Si mimi, mama, ni beki. Nipe mpira, nakuomba."

"Utaupata. Kwanza shika hapa. Ikivunjika, hamwoni mpira mwingine mpaka Krismasi!"

Lindon akaishika kwa mikono miwili, kama aliyepewa mtoto mchanga. Bi Mavis akautupa mpira uwanjani, akaingia ndani kutafuta kamba. Mara kichwa cha mwamuzi kikachomoza juu ya ukuta.

"Umetoka uwanjani bila ruhusa, kijana." Njano ya pili, kisha nyekundu.

"Sawa, refa. Lakini endeleeni kucheza!"

Wakacheza. Lindon akasikiliza, majani yakimgusa shavu, hadi filimbi ya mwisho.

Kocha naye akachungulia. "Tumeshinda, mwanangu. Lakini mshambuliaji anayeacha mechi akalee mboga, huyo simwezi. Jumatatu nenda kiwandani."

"Bao limehesabiwa?"

"Limehesabiwa."

Lindon akacheka hadi mabega yakatetemeka. "Bi Mavis! Umesikia? Nimefunga!"

"Tulia," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Unaitikisa."