Busu Mbele ya Jopo

Binti yangu Abril alipokuwa na miaka mitatu madaktari waliniambia ana usonji. Alipofika minne, daktari mwingine akasema hapana, amechelewa kusema tu. Mitano, ni usonji tena, na nikakaripiwa kwa kumchelewesha, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nikigeuzageuza maneno. Nilijua jambo moja tu: bila cheti cha ulemavu, Abril hapati mwalimu wa kukaa naye darasani, na bila mwalimu huyo shule haimtaki. Cheti kiliisha muda wake mwezi Machi, jopo la madaktari likatuita wampime upya.

Mama mkwe wangu, Zunilda, hakuuamini huo usonji hata siku moja. Kwake ulikuwa utovu wa adabu uliotoka upande wetu. Hapa kwetu Santiago del Estero, Argentina, ukiingia mahali unambusu kila mtu shavuni, mmoja mmoja, hata wakiwa ishirini. Usipofanya hivyo wewe si mtu. Abril akiguswa tu alipiga mayowe. Basi Zunilda, nikiwa kazini, akamfundisha kwa njia yake.

Nilimfuma siku moja amemshika sikio, analisokota.

"Bibi anasubiri. Busu liko wapi?"

Abril akambusu. Sikio likaachiwa, akapewa kijiko cha dulce de leche, yale maziwa mazito ya sukari.

"Umeona, mkamwana?" Zunilda akanicheka. "Madaktari wako miaka mitatu, mimi wiki mbili tu."

Nilipaswa kumtimua. Sikumtimua, maana nani angebaki na mtoto? Na niseme ukweli, jioni hiyo binti yangu alinibusu kwa mara ya kwanza, nikafurahi.

Siku ya jopo walikuwa watatu nyuma ya meza. Kabla sijafunga mlango, Abril aliizunguka meza akawabusu wote, hakumruka hata yule bwana mwenye mafua, kisha akarudi kuketi kando yangu.

"Jamani, kipenzi changu!" daktari mkuu, mama mnene wa miwani, akayeyuka. "Ndiye huyu mnayesema hataki kuguswa?"

"Amelazimishwa, daktari. Nyumbani bibi yake..."

"Mapenzi hayalazimishwi, mama." Kalamu ilishaanza kuandika. "Wenzako wanalilia mtoto kama huyu, wewe unalalamika?"

Niliona shule inatuponyoka. Nikawaza: apige mayowe mara moja tu, ajing'ate mkono kama anavyojing'ata jikoni, nao waone. Nikapitisha mkono chini ya meza, nikamfinya paja kwa kucha, nikakaza.

Abril hakulia. Alinigeukia, uso mkavu, akanibusu shavuni. Nikakaza zaidi, kwa hasira sasa. Akanibusu tena.

"Hebu mtazameni," daktari akawaambia wenzake, "anavyompenda mama yake!"

Cheti tulinyimwa. Jumatatu iliyofuata shule ikanipigia simu nikamchukue, nisimrudishe. Zunilda alioka keki.

"Si nilisema hana kitu?"

Mpaka leo sijui ni daktari yupi aliyesema kweli. Alama za kucha zilishafutika pajani. Lakini tukiwa mezani nikanyanyua mkono, hata kuchukua chumvi, Abril huacha kula, akaja mbio kunibusu.